Mbona Unatambaa, Trizah

Malaba,
Tarehe 19 Agosti 2024

Kwako mama mpendwa,

Habari ya hapo Namboboto? Natumaini mguu wako umepoa na kuku wa kaka Austine hawajamaliza tena mboga zako. Huku tuko salama, ila salama yangu mimi ni ya kutembea nimeshika kiuno.

Barua hii nimempa Petronilla, kwa kuwa anauza dagaa zake za omena hapa soko la Malaba na akirudi anapita kwako. Simu siku hizi siwezi kuitumia ninavyotaka, nitakwambia kwa nini.

Juzi nilienda kliniki na mama mkwe wangu. Nilimwambia nesi mgongo unaniuma chini kabisa, hadi usiku nageuka huku nikilia. Akanipapasa tumbo pole pole, akasema kichwa cha mtoto kiko chini vizuri, lakini mgongo wake umelalia mgongo wangu, na uso wake unaangalia mbele kwenye kitovu. Akasema ndiyo maana naumwa namna hiyo. Nikauliza kama ni hatari, na kabla hajajibu machozi yakanitoka, nikamtajia mama mdogo Gaudencia na vile alivyofia kwa wakwe zake na mtoto tumboni.  Basi nesi akamgeukia mama mkwe, wakaanza kuongea Kiteso. Unajua mama, Kiteso changu mimi ni cha kusalimia tu. Waliongea, wakaangalia tumbo langu, wakaongea tena kwa sauti ya chini. Mwishowe nesi akaniambia, "Wewe fuata tu vile huyu mama atakuambia."

Tangu siku hiyo nyumba imebadilika. Lile kochi ninalopenda kulalia mchana, yule mama amepakia magunia ya mahindi juu yake. Kuna stoo kubwa hapa, lakini mahindi yanakaa kwa kochi. Mimi nimewekewa kiti cha mbao kigumu. Nikilala chali ananiamsha. Na simu ananinyang'anya asubuhi, anaiweka juu ya kabati la jikoni, anairudisha jioni mume wangu Sydney akitoka kazini kule mpakani, na siwezi kukuambia haya mbele yao. Nikimwuliza Sydney, anasema, "Wachana na yeye, mama anajua." Anajua nini, hasemi.

Labda ni mimba inanitia mawazo. Usimwambie mtu. Na ukipata samaki wa kukaushwa nitumie, huku wana ladha ya gunia.

Mtoto wako,
Trizah


Namboboto,
Tarehe 23 Agosti 2024

Trizah mwanangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mguu haujambo. Kuku wa Austine nimemkamata mmoja, yuko ndani ya sufuria, na Austine anamla bila kujua ni wa kwake. Wewe hali yako ndiyo inaninyima usingizi.

Sasa nimeelewa. Kila nikikupigia mchana, simu inapokelewa na mwanamke, anasema maneno ya Kiteso, anakata. Nilidhani nimekosea namba. Kumbe ndiye mavyaa wako, Amongin, ameketi juu ya simu yako kama kuku juu ya mayai.

Mimi sisemi watu wa huko ni wabaya. Nasema sijawajua. Mtu akiwa na neno jema la kusema juu ya tumbo la mtoto wangu, aliseme kwa lugha ambayo mtoto wangu anaisikia. Na nesi gani huyo, anayeacha mgonjwa na kuongea na mwenye nyumba? Hata Gaudencia wakati wake kule Marachi waliongea juu ya kichwa chake hivyo hivyo. Kila tukituma mtu kuuliza, tunaambiwa, "Yuko sawa, sisi tunajua." Nilikwenda kumwona nikampata amefunikwa shuka. Alikuwa mdogo wangu na mimi ndiye niliyemlea. Neno hilo la "tunajua" sitaki kulisikia tena.

Nimekutumia majani na Petronilla, yamefungwa kwa gazeti. Chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Yanalegeza nyonga na mtoto anajigeuza mwenyewe. Usimwonyeshe mtu. Samaki pia wamo, wako chini ya majani.

Nijibu haya: unakula nini, nani anapika, na je, kuna mtu yeyote aliyekuja kukushika tumbo hapo nyumbani?

Mimi mama yako,
Roselida


Malaba,
Tarehe 31 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Mungu akuweke. Mimi bado nasimama, na mtoto anacheza sana, miguu yake naisikia mbele tu, hapa chini ya mbavu.

Majani yako sikuyanywa. Petronilla alinipa mzigo hapa kwenye geti, na kabla sijafika jikoni yule mama alikuwa ameshaunusa. Alifungua gazeti, akasugua majani kwa vidole, akanusa tena, uso wake ukabadilika. Samaki alinirudishia. Majani alienda nayo nyuma ya choo, akachukua jembe akayafukia. Nilimwuliza kwa Kiswahili, "Mama, hiyo ni dawa yangu, mbona unazika?" Akanijibu, "Hii hapana. Hii mbaya." Hayo tu, akaenda kuosha mikono.

Ulitaka kujua nani anapika. Ni yeye. Nakula atap, ule ugali wao, na mboga na maharagwe, ninashiba, siwezi kusema uongo. Hakuna mtu aliyekuja kunishika tumbo.

Lakini kuna jambo ambalo nilikuwa naona haya kukuandikia. Kila asubuhi ananipigisha deki nyumba nzima kwa magoti. Ile fimbo ndefu ya kupigia deki ameificha. Ananipa kitambaa na karai, napiga magoti, naweka mikono chini, tumbo linaning'inia, natoka chumba cha nyuma hadi mlangoni. Yeye anasimama nyuma yangu ameshika kiuno. Nikikaa chini kupumzika anasema, "Hapana kukaa. Magoti." Jioni tena. Sakafu yenyewe ni safi mama, namsafishia sakafu iliyo safi. Mkaza mwana mwenzangu Sheilah alikuwa na mimba mwaka jana na hakuna aliyemtambaza. Nilipomwambia Sydney akacheka kidogo, akasema kuna lori la Kampala limekwama karatasi zake, akaondoka.

Cha ajabu ni kwamba nikiwa kwa magoti mgongo unapoa. Nikisimama unarudi. Sijui nifikirie nini. Sasa na mimi nimeanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, hata akinipa maji nayatazama kwanza. Nitumie samaki wengine, wale wameisha.

Mtoto wako,
Trizah


Namboboto,
Tarehe 3 Septemba 2024

Trizah,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina haraka. Huku wote wazima.

Kabla hata sijafungua barua yako, Petronilla alikuwa ameshanimalizia habari. Alichungulia mlangoni kwenu siku ya soko. Akaniambia, "Rose, huyo mtoto wako wanamtesa. Mimi nimemwona na haya macho, anatambaa kama mtoto mchanga, na huyo mama amemsimamia kama askari wa jela." Alisema hivyo mbele ya wanawake wa kanisa, na mimi nikiwa nimebeba sinia ya chai.

Sikiliza. Mtu anayezika dawa ni mtu anayejua dawa hiyo ingefanya kazi. Mtu anayemtambaza mjamzito kwenye sakafu safi hatafuti usafi. Sijui anatafuta nini. Labda hakutaka mwanawe aoe Msamia kama wewe. Labda anataka uchoke urudi kwenu mwenyewe, asemwe hakukufukuza. Na huyo Sydney wako anayecheka, mwambie mimi nilimwona akiwa mwembamba kama ufito siku ya kujitambulisha na sikucheka.

Ningekuja mwenyewe kesho. Lakini unajua mambo yetu: mama wa msichana haingii kwa mkwe kabla hajaitwa na kupokewa rasmi, na nyie hamjatuita. Nikija hivyo nitakuwa nimewaletea mkosi na aibu, na wewe ndiye utakayeishi nayo. Kwa hiyo utakuja wewe.

Kuna mama kule Sigalame anayegeuza watoto. Anapaka mafuta, anasukuma kwa mikono yake mpaka mtoto anakaa sawa. Amewageuzia wengi na nimeshaongea naye. Alhamisi Petronilla akimaliza kuuza atakungoja pale wanapoegesha gari za Busia. Sema unaenda kununua nyanya. Usibebe begi. Chukua kadi ya kliniki na leso mbili, mengine tutanunua. Utajifungulia kwangu, nikikuona.

Choma barua hii.

Mama yako,
Roselida


Malaba,
Tarehe 12 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukungojesha. Najua Alhamisi ulipika, na najua Petronilla alirudi peke yake akiwa amekasirika. Mimi ni mzima, mtoto ni mzima. Tafadhali keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nilitoka kweli. Nilisema naenda kununua nyanya. Leso nilikuwa nimezifunga tumboni ndani ya gauni. Lakini kadi yangu ilikuwa imebaki kliniki, kwa hiyo nilipitia huko kwanza. Nesi alikuwa yule yule, na safari hii nilikuwa peke yangu. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Dada, leo hutaongea Kiteso. Niambie mimi. Mlisema nini juu ya tumbo langu?"

Alishtuka mama. Kisha akanivutia kiti. Akasema, "Wewe ulikuwa unalia vile, ukisema utakufa kama mama yako mdogo. Nikaona nisikuongezee. Nikamwambia mamako wa huku ndiyo akusaidie bila kukutisha." Alimwambia nisilale chali, nisizame kwenye kochi, nikae kiti kigumu nikiinamia mbele, nilale kwa ubavu, na kila siku nipige magoti na mikono chini ili tumbo lining'inie. Akaniambia wazi kwamba huenda mtoto asigeuke hata nikifanya yote hayo, ila mgongo utapata nafuu. Wengi hugeuka wenyewe uchungu ukishaanza. Asipogeuka, uchungu unaweza kuwa mrefu na wa mgongo, kwa hiyo niwahi hospitali mapema, nisikae nyumbani hata kidogo.

Nikamtajia majani. Akasema yako majani yanayoanzisha uchungu mkali kabla ya wakati, na yanaweza kupasua kizazi. Nikamtajia mama wa Sigalame. Akaniambia tumbo likisukumwa kwa nguvu kondo linaweza kung'oka, na mimi na mtoto tukatoka damu hadi basi. Mama, hapo hapo nilizifungua zile leso.

Niliporudi nyumbani nilimwita Sydney atafsiri. Nikamwuliza mama Amongin habari ya simu. Akasema nikishika simu nateleza kwenye kiti mpaka nalala chali, na hiyo ni kweli, unanijua. Kuhusu deki, alisema aliona nikiambiwa tu nipige magoti nitakataa kwa aibu au nitauliza kwa nini, lakini nikipewa kazi nitafanya. Nikamwambia alikosea kunificha. Akaangalia chini, akasema ni kweli.

Kwa hiyo sitakuja. Nitajifungulia hospitali ya huku. Usikasirike, na mwombe Petronilla anisamehe.

Mtoto wako akupendaye,
Trizah


Namboboto,
Tarehe 15 Septemba 2024

Kwa yeyote anayeshika kalamu hii,

Mwandiko ni wa mtoto wangu. Maneno si yake.

Mimi nimezaa Trizah na ninamjua. Barua zote alizoniandikia alimwita huyo mwanamke "mama mkwe" au "yule mama". Ghafla amekuwa "mama Amongin". Tangu aanze shule, Trizah hajawahi kuniandikia bila kuomba kitu. Hii haiombi hata chumvi. Na majani ambayo bibi zetu wote waliyanywa leo yamekuwa sumu. Haya ni maneno ya mtu aliyekaa kando yake akimwambia andika hiki, andika kile.

Trizah, kama unasoma hii mwenyewe, vumilia. Nimeongea na mjomba wako Makokha. Mambo ya kuitwa na kupokewa nimeyaweka kando. Gaudencia niliambiwa nisubiri, nikasubiri kwa heshima zote. Jumatano nakuja Malaba.

Mama yako,
Roselida


Malaba,
Tarehe 2 Oktoba 2024

Mama,

Habari za siku nyingi. Najua umesikia kwa Austine kwamba nimejifungua. Nimekaa siku hizi zote nikitafuta namna ya kukuandikia bila hasira, nimeshindwa, kwa hiyo naandika tu.

Ni msichana. Ana nywele nyingi na kidevu chako. Ananyonya vizuri. Mimi natembea.

Jumatano ile uchungu ulinianza alfajiri, wote kwenye mgongo, tumbo wala halikuwa linauma sana. Mama Amongin hakungoja chai. Alimwamsha Sydney, wakafunga nyumba, tukaenda hospitali sote, hata Sheilah. Ndiyo maana ulikuta kufuli. Hakuna aliyenificha. Majirani hawakukuambia tuliko kwa kuwa uliwatisha, mama. Wameniambia ulivyosimama nje ya geti na mjomba Makokha, ulivyotaja jina la mama Amongin na kumwita mchawi na muuaji wa watoto wa watu, watu wakijaa barabarani. Wameniambia uliokota mawe. Siulizi kama ni kweli.

Polisi walioitwa na majirani walipompigia Sydney, alikuwa amesimama kwenye korido ya wodi. Aliwaeleza. Akapiga simu ya mjomba, ukapewa uongee. Aliniambia alichokuambia: "Mama, Trizah yuko leba, anakuita, njoo hospitali." Na aliniambia ulichomjibu, kwamba hutaingia mtego, kwamba kama niko hai nije mwenyewe getini. Ukakata. Alikimbia hadi kituo cha magari, akakuta mmeshapanda gari la Busia.

Mama, nilikuwa nakuita kweli. Mtoto hakugeuka. Daktari aliitwa, wakaanza kutayarisha chumba cha upasuaji, wakasema wasubiri kidogo tena. Mgongo ulikuwa unapasuka. Nilipiga magoti kwenye godoro chini, ndiyo namna pekee niliyoweza kupumua, na mama Amongin akapiga magoti nyuma yangu, akakandamiza ngumi zake mbili hapo chini ya mgongo kila uchungu ukija. Nesi alimwambia apumzike akakataa. Kesho yake alikuwa hawezi kukunja vidole kushika kikombe. Mwishowe mtoto alitoka hivyo hivyo, uso juu, akituangalia. Hawakunipasua.

Sijui niandike vipi hili linalofuata. Wakati ule wote nililia nikisema, "Mama, mama wee." Nilikuwa nakuita wewe. Yeye hakujua hilo, au alijua. Kila nilipoita, yeye ndiye aliyeitika.

Mtoto wako,
Trizah


Namboboto,
Tarehe 6 Oktoba 2024

Trizah mwanangu,

Namshukuru Mungu wewe uko na mtoto yuko. Nimesoma barua yako mara moja tu, ya pili sikuweza.

Mawe niliokota. Sikuyarusha, lakini niliokota. Na simu nilikata mimi, hakuna aliyenishika mkono. Niliposikia unaniita nilidhani ndiyo ile ile ya Marachi, kwamba nikija nitafunuliwa shuka. Niliogopa mwanangu. Nimekaa na kusema nilikuwa nakulinda, na ukweli ni kwamba niliogopa kufika.

Nimeuliza wazee. Wamesema mama aliyetukana kwenye geti la mkwe hawezi kuingia mpaka mwenye mji amfungulie mwenyewe na kummwagia maji miguuni, na hawezi kulazimishwa kufanya hivyo. Basi mwambie Amongin, na Sydney atafsiri neno kwa neno, asipunguze: Jumapili ijayo baada ya kanisa nitakuja peke yangu. Nitasimama nje, sitabisha, sitamwita mtu. Akitaka kunifungulia, afungue. Asipotaka, anitolee mtoto nje kidogo nimwone, halafu nitarudi nyumbani.

Mama yako,
Roselida